Anza na Magurudumu: Hotuba ya Kuunda Vichwa vya Treni vya Modeli kwa 1:64

(Hii ndo hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa wapenzi wa treni za modeli, naiweka yote hapa kwa waliokosa. Picha za ukutani nimeziacha, maneno ni yaleyale.)

Ndugu zangu, habari za jioni. Wakubwa zangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyie mliosimama huko nyuma sogeeni bana, viti bado vipo.

Nianze na swali. Nani humu ndani ana kichwa cha treni alichokianza kwa mikono yake na mpaka leo hakijawahi kutembea hata sentimita moja? Nyoosheni mikono. Nyoosheni tu, mimi wangu uko juu. Haya, naona kama nusu ya ukumbi. Basi hotuba ya leo ni yenu.

Nataka kuongelea kujenga vichwa kuanzia sifuri, kwa hela kidogo, kwenye skeli ambayo karibu hakuna anayeuza kitu chake dukani. Skeli yangu ni 1:64, yaani kila kitu ni kidogo mara 64 kuliko kile halisi, na reli zangu zina upana wa mm 16.5, yaani nafasi kati ya reli moja na mwenzake. Nina jambo moja tu kubwa la kuwaambia na nitalirudia mpaka mlichoke: anza na magurudumu. Usianze na kichwa unachokipenda, usianze na mchoro, usianze na rangi. Anza na magurudumu.

Lakini kabla ya magurudumu ngoja niseme kuhusu skeli yenyewe, manake kila nikitaja 1:64 kuna mtu ananiuliza kwa nini najitesa, si nijenge skeli inayouzwa kila mahali? Hilo swali nalijibu kwa hesabu. Kuna reli nyingi duniani zenye upana wa mm 1067. Japani walianza nazo mwaka 1872, New Zealand wanazo, Afrika Kusini wanazo, TAZARA yote kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni 1067. Sasa chukua 1067 gawa kwa 64. Unapata 16.67. Reli ya modeli iliyo ya kawaida kuliko zote duniani, ile ya skeli ya HO, yaani 1:87, ina upana wa mm 16.5. Mnaona hapo? Tofauti ni chini ya robo ya milimita! Yaani reli za HO, pointi za HO (zile sehemu reli zinapogawanyika), magurudumu ya HO, mota na gia za HO, vyote vinaingia chini ya kichwa cha 1:64 kama vilitengenezwa kwa ajili yake. Ndo maana wenzetu wa New Zealand wanajenga reli zao kwa 1:64 juu ya 16.5, na wamefanya hivyo miaka mingi tu.

Afu linganisheni na OO ya Uingereza, skeli ambayo kila mtu anaiona ni ya kawaida kabisa. OO ni 1:76.2 lakini inatembea juu ya reli hizohizo za 16.5. Zidisha 16.5 kwa 76.2, inakuja mm 1257. Reli halisi za Uingereza zina upana gani? 1435. Pamekosekana mm 178 nzima! Na sababu yake inaeleweka vizuri, vichwa vya Uingereza ni vyembamba, mota za zamani zilikuwa nene, hazikuingia, basi wakakuza bodi wakaacha reli vilevile. Walikuwa wanatatua tatizo lao kwa vitu walivyonavyo na siwalaumu hata kidogo. Ninachosema ni hiki: hiyo skeli inayoitwa ya kawaida imekosea mm 178, na hii yetu inayoitwa ngeni imekosea mm 11. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini unajitesa, mpe rula.

Na kuna zawadi nyingine ndani ya 64 ambayo mimi naipenda sana. Gawa kwa mbili mara sita, basi. Siku moja kijana mmoja, mpwa wa rafiki yangu, alikuja kwangu akaniambia mjomba mimi hesabu za skeli siziwezi. Nikamkatia uzi mwembamba wa mita 5 na nusu, nikamwambia huu ndo urefu wa shanta halisi, yaani kile kichwa kidogo cha kupanga mabehewa stesheni. Ukunje katikati. Akakunja. Tena. Tena. Akakunja mara sita akabaki ameshika kifundo kifupi kama kidole, akakiweka kwenye rula, karibu mm 86. Akanyamaza kidogo akasema, kumbe ndo hicho tu? Ndo hicho tu. Kwa kazi yenyewe tumia kikokotoo, uzi una unene wake na utakudanganya, lakini yule kijana toka siku ile hajaniuliza tena skeli ni nini.

Haya, sasa magurudumu.

Kichwa changu cha kwanza cha 1:64 nilikianza kwa mapenzi ya kweli. Kilikuwa cha mvuke, kikubwa, magurudumu nane ya kusukuma. Boila nilitengeneza kwa bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, lile la mm 20, ukizidisha kwa 64 ni kama mita 1.28, nikalizungushia karatasi ngumu mpaka likafika unene wa boila halisi. Nikajenga kibanda cha dereva, nikajenga dari, nikaweka kengele, nikaweka hadi vishikio vya milango. Miezi saba ndugu zangu. Kila jioni baada ya kazi. Afu ndo nikaanza kutafuta magurudumu. Nilihitaji ya mm 19, yenye spoku, nane yanayofanana. Nilitafuta mwaka mzima. Niliyoyapata yalikuwa makubwa mno au madogo mno, na yaliyolingana yalikuwa yanauzwa moja moja kwa bei ambayo ukizidisha mara nane unaacha. Kile kichwa mpaka leo kipo kabatini, kimekaa juu ya vipande viwili vya mbao. Ni kizuri sana, na hakijawahi kutembea.

Kosa lilikuwa wapi? Mikono yangu ilikuwa sawa, uvumilivu nilikuwa nao. Kosa lilikuwa mpangilio. Vitu ambavyo naweza kuvitengeneza mwenyewe nilivitengeneza kwanza, na vitu ambavyo siwezi kuvitengeneza nikaviacha mwisho. Boila naweza. Kibanda naweza. Gurudumu la chuma lililo duara kweli, lenye ukingo sahihi, bila mashine ya kuchongea siwezi, na wengi wenu humu hamuwezi. Basi kile usichokiweza ndo kianze.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Natafuta kichwa cha HO au OO kilichotumika, na natafuta makusudi kilichovunjika bodi. Kwa nini kilichovunjika? Kwa sababu wakusanyaji wanalipia bodi, bodi ikiwa na ufa au imepoteza bomba la moshi bei inaanguka, na sisi bodi hatuitaki kabisa! Sisi tunataka kilicho chini. Nakigeuza, nazungusha magurudumu kwa kidole, naangalia kama gia zina meno yote, napima kwa venia, ile rula ya kubana, nafasi kati ya migongo ya magurudumu, inatakiwa iwe mm 14.4 hadi 14.5 hivi. Nikiridhika nachukua.

Halafu, na hapa sikilizeni vizuri, nikifika nyumbani sijiulizi hii chesisi nitaibadilishaje iwe kichwa ninachokitaka. Najiuliza hii chesisi tayari ni kichwa gani kwenye 1:64? Ile niliyoanza nayo safari ya pili ilikuwa na magurudumu manne tu ya mm 12. Mara 64 ni mm 768. Umbali kati ya ekseli mbili ulikuwa mm 33, mara 64 ni mita 2.11. Sasa gurudumu la inchi 30 ni mm 762, na ekseli mbili zilizoachana mita mbili na kidogo, hiyo ni nini kama si shanta ndogo ya dizeli? Kwa hiyo nikajenga shanta ndogo ya dizeli. Sikuwa nimeipanga, chesisi ndiyo iliyoniambia. Na kwenye picha za vichwa halisi fanya hivyohivyo, tafuta picha iliyopigwa kwa ubavu kutoka mbali, ukijua kipenyo cha gurudumu moja basi hilo gurudumu ndo rula yako ya picha nzima.

Hiki hapa nilichoshika ndo chenyewe. Nitakipitisha baadaye.

Tuje kwenye bodi, manake hapa ndo watu wanadhani hela inaenda. Mnajua hii imetengenezwa na nini? Kadi. Zile kadi za plastiki za benki na za uanachama zilizokwisha muda. Unene wake ni mm 0.76. Urefu wake ni mm 85.6, na dunia nzima ziko hivyohivyo kwa sababu lazima ziingie kwenye mashine zilezile. Sasa zidisha 85.6 kwa 64. Ni mita 5.48! Yaani kadi moja ni urefu wa sakafu ya shanta ndogo, bila kukata hata kidogo. Upana nimepunguza kutoka mm 54 hadi mm 41, hiyo ni mita 2.6, basi sakafu imeisha. Siku niliyogundua hivyo nilikuwa nimekaa na kadi mkononi nasubiri simu, nikaipima tu kwa mazoea, na nilipoona namba niliinuka kwenye kiti.

Namna ya kuikata: usiikate moja kwa moja kwa mkasi, itapinda. Weka rula ya chuma, pitisha kisu mara nne tano kwa nguvu ndogo, kisha ivunje kwa kuikunja kwenye ule mstari, inakatika imenyooka kabisa. Uso wake una utando unaoteleza kwa hiyo ukwangue kwanza kwa msasa namba 400 pande zote, la sivyo gundi haitashika na rangi itabanduka kama ganda. Gundisha kwa supagluu, tone dogo kwenye kona, subiri, kisha pitisha nyingine kwa ncha ya pini kwenye mshono wote. Na zikwangue zile namba zilizoandikwa kwenye kadi mpaka zisisomeke kabla hujaanza, tafadhali.

Kwa nini nasisitiza supagluu? Ngoja niwaambie kilichonipata. Kabla ya kadi nilikuwa natumia shiti za plastiki nyeupe za modeli na ile gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki. Ni njia nzuri na wengi mnaitumia. Nilijenga dari ya behewa kwa tabaka mbili, nikamwagia gundi katikati nyingi nikiamini ikiwa nyingi itashika zaidi, nikaibana, ikatoka imenyooka, nikaipaka rangi, nikaisahau. Wiki ya tatu nakuja kuiangalia imejikunja kama upinde. Ule mvuke wa gundi ulikuwa umefungiwa katikati ya tabaka mbili hauna pa kutokea, ukawa unalainisha plastiki taratibu kila siku huku mimi nimelala. Kwa hiyo kama unatumia gundi ya kuyeyusha tumia kidogo, na tabaka la ndani litoboe matundu mengi lipumue, na rangi isubiri. Wiki mbili. Ikikushinda kusubiri anza kujenga kingine.

Vitu vidogo nitavipitia haraka. Vishikio vya pembeni ni pini za stepla, unene wake ni kama nusu milimita, mara 64 ni mm 32, ambayo ndo inchi moja na robo, unene wa kishikio halisi kabisa. Vichwa vya riveti ni matone ya gundi nyeupe ya mbao yaliyowekwa kwa ncha ya sindano, moja moja, kwa mstari wa penseli. Boneti ina riveti 112, nilizihesabu kwa sababu niliziweka mimi. Magari ya barabarani hamhitaji kuyajenga, yale magari madogo ya chuma ya Hot Wheels na Matchbox mengi yanakaribia 1:64, yapo kila mahali. Hiyo nayo ni bahati ya skeli yetu.

Sasa mwendo. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kichwa kinachotembea vibaya kinaumiza kuliko kisichotembea. Shanta yangu ya kwanza kuwasha, niliiweka kwenye reli, nikafungua umeme, ikaruka. Kweli iliruka, ilikimbia kama imefukuzwa. Nikakaa nikapiga hesabu ambayo nilitakiwa niipige mwanzo. Gurudumu la mm 12 mzunguko wake ni mm 37.7. Mota ilikuwa inazunguka kama mara 6,000 kwa dakika na gia zake zilikuwa 15 kwa 1, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 400 kwa dakika. Mara 37.7, mara 64, ukigeuza unapata karibu kilomita 58 kwa saa. Shanta! Kitu ambacho stesheni kinatembea mwendo wa mtu anayetembea, na kikikimbia sana ni kilomita 20. Ili ipate 20 nilihitaji gia za kama 43 kwa 1. Nikatoa gia moja kutoka kwenye chesisi nyingine iliyokufa, nikaongeza hatua ya pili ya kupunguza mwendo, nikafika 40 kwa 1, na siku ile ilitambaa. Ilitambaa ndugu zangu, niliweza kuhesabu mzunguko mmoja mmoja wa gurudumu. Fanyeni hiyo hesabu kabla hamjanunua, ni dakika tano.

La pili la mwendo ni kugusa reli. Magurudumu manne kwenye chesisi iliyokaza ni kama meza ya miguu minne kwenye sakafu mbovu, kila mara mguu mmoja uko hewani, na gurudumu lililo hewani halichukui umeme, na kichwa kinakwama. Mzee mmoja aliyenifundisha mambo mengi, aliniuliza swali moja tu. Mafiga ni mangapi? Nikamjibu matatu. Akasema, umeshawahi kuona chungu kinayumba juu ya mafiga matatu? Basi akaniambia nenda kafanye hivyo. Ile ekseli isiyo na gia matundu yake nikayarefusha kwenda juu kidogo kwa faili, katikati juu yake nikaweka kipande cha waya mnene kichwa kiegemee hapo tu. Kwa hiyo ekseli moja imekaza, hiyo ni figa mbili, na nyingine inacheza chini ya ule waya, upande wa kushoto ukipanda wa kulia unashuka, hiyo ni figa ya tatu. Magurudumu yote manne yanagusa reli muda wote. Kama una fito za pembeni za kuunganisha magurudumu, matundu yake yalegeze kidogo tu yasije yakakaza, na pini za upande mmoja zipishane na za upande wa pili kwa nyuzi 90, kwa ekseli zote sawasawa. Isiposhika hapo usiongeze umeme, toa fito uanze upya.

Na uzito. Wengine mnafikiri uzito nao unagawanywa kwa 64. Hapana, unagawanywa kwa 64 mara 64 mara 64, ambayo ni 262,144. Shanta ya tani 20 ikigawanywa hivyo inakuwa gramu 76. Gramu 76 haivuti kitu, kichwa cha modeli kinavuta kama robo tu ya uzito wake, kwenye reli chafu hata chini ya hapo. Mimi nimeijaza chini ya boneti zile risasi za kubalansi matairi mpaka imefika gramu 180, nikazigawanya sawa mbele na nyuma, na inavuta mabehewa sita bila kuteleza. Risasi ni sumu, nawaomba sana, ukishaishika osha mikono kabla ya kushika chochote kingine, na usiisage ndani ya nyumba.

Kuna dada huko nyuma amenyoosha mkono toka muda mrefu, nadhani anataka kuuliza kile kikubwa cha mvuke cha kabatini kitaishia wapi. Nimekisia sawa? Haya. Mwezi uliopita nimepata chesisi ya OO iliyovunjika bodi, magurudumu nane, mm 16, mara 64 ni mita 1.02. Madogo kuliko nilivyotaka. Lakini vichwa vya mvuke vya mizigo vilikuwa na magurudumu madogo kuliko vya abiria, si ndiyo? Kwa hiyo boila inabaki, kibanda kinabaki, kinashuka mm 1.5 kwa sababu ekseli zimeshuka, na kinakuwa kichwa cha mizigo. Jumamosi nakitoa kwenye zile mbao.

Haya, hii shanta ipite sasa, anza na wewe kaka. Shikeni kwa chini, kwenye chesisi, msiishike kwenye vishikio, zile ni pini za stepla na zinapinda. Venia iko pale mezani, na aliye na kadi iliyokwisha muda mfukoni aje nayo.